Itoka kwenye Mikebe ya Rangi

Mimi sichukii maua, watu wasinisingizie. Ninachochukia ni kuona ardhi nzuri mbele ya nyumba, mahali sukuma wiki ingeota ikanenepa, imepandwa kitu ambacho hata mbuzi hali. Lakini Ivy, mke wa mwanangu Ben, alikuja kukaa nami hapa Wamagana akingoja kujifungua, na daktari alikuwa amemwambia afanye kazi nyepesi. Kazi nyepesi, jamani! Alikusanya mikebe ya rangi, sufuria iliyotoboka, tairi kuukuu la pikapu, hata gambuti za marehemu mzee wangu, akatoboa chini na kujaza udongo na samadi. Kisha akachimba tuta refu kutoka mlangoni hadi getini, akalizungushia mawe yaliyopakwa chokaa.

"Ivy, si hii sasa ni shamba nzima?" nikamuuliza.

"Ni ya kukaribisha mtoto, Mama. Nataka akifika apate kwao ni kuzuri."

Nani atabishana na tumbo kubwa hivyo? Huyo ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Ben alichelewa kuoa mpaka nikaanza kuwagawia watu shali za watoto nilizokuwa nimefuma.

Jumamosi nikaenda chama cha akina mama. Niliporudi nilisimama getini nikashindwa kuingia. Mikebe yote imejaa, tuta limejaa, maua mekundu kila mahali yamefura kama jogoo aliyechokozwa.

"Ivy, hizi umetoa wapi?"

"Kule chini, Mama, mwisho wa shamba. Zilikuwa zimejipanga laini moja, hakuna mtu anaziangalia. Nimezing'oa zote!"

Aliposema zote, nikaweka mkoba wangu chini.

Hiyo ni itoka. Huku kwetu itoka haipandwi iwe urembo. Hupandwa mpakani, wazee wakishuhudia, na anayeing'oa hujiletea laana yeye na kizazi chake. Safu hiyo ndiyo iliyomaliza kesi yetu na Ngatia, jirani wa upande wa chini, ambaye kila msimu wa kulima jembe lake lilikuwa likitusogelea kidogo. Mbuzi alichinjwa, itoka ikapandwa, kesi ikaisha. Salamu nazo zikaisha. Hata kanisani tukiambiwa tupeane mikono, mimi hugeuka nikampa aliye nyuma.

Sasa, mimi ni mtu wa kanisa. Mambo ya laana nasema mbele za watu kwamba siamini. Lakini kuna kutoamini ukiwa peke yako unapepeta maharagwe, na kuna kutoamini ukiwa umeangaliana na tumbo la Ivy. Habari ya laana sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba ameng'oa mpaka wa watu, na hilo peke yake likamliza.

"Basi tuzirudishe, Mama!"

Tuzirudishe wapi? Niliteremka kuangalia. Mashimo yote alikuwa ameyafukia, akasawazisha, akatandaza majani juu, na mvua ikapita. Mwizi mwenyewe hajui kuficha hivyo. Na ngoja niseme ukweli, shetani alininong'oneza kwamba huo ndio wakati wa kupanda mbele kidogo, upande wa Ngatia, nirudishe ardhi yote aliyotumegea. Nikamfukuza. Si kwa sababu ya wema. Niliogopa.

Basi nikaenda kwa Ngatia. Alitoka nje na kikombe chake cha chai.

"Baba Wamucii," nikaita, na jina lenyewe likatoka na kutu kwa kukaa bila kutumiwa.

"Kwani leo jua limetokea upande gani?" akasema.

Nikamweleza yote. Alipoelewa akaweka kikombe chini.

"Ameng'oa zote? Na vile ako na mimba?"

"Hajui hiyo maneno. Usimwambie, tafadhali."

Ngatia alichukua jembe.

Tulipita nyumbani, tukang'oa itoka zilizokuwa kwenye tuta, tukashuka mpakani, Ivy nyuma yetu na mikebe ndani ya wilbaro. Kabla Ngatia hajafungua mdomo nikaharakisha kuchimba upande wangu, ndani kabisa ya kahawa yangu.

"Ilikuwa hapa," nikasema.

"Wacha uongo," akasema Ngatia. "Hapo ni kwako ndani. Ilikuwa hapa." Akaonyesha katikati ya maharagwe yake.

"Ati hapo? Hapo si ni maharagwe yako!"

"Hata hayo maharagwe nilipanda kwako!"

"Nani amekuambia?"

"Si ni mimi nilipanda! Kwani sijui?"

"Ngatia, usinipatie shamba yako kwa nguvu! Ilikuwa kwa kahawa!"

"Mama Ben, wewe ni kichwa ngumu tangu zamani! Ilikuwa kwa maharagwe!"

Tulipiga kelele mpaka watu wa ng'ambo wakatoka kuchungulia, wakidhani kesi imefufuka. Ivy aliketi juu ya mkebe mtupu, ameshika tumbo.

"Kwani nyinyi hamjui kugombana kama watu wengine?" akauliza.

Ngatia akamtazama. Kisha akanisogelea, akashusha sauti ili Ivy asisikie.

"Mama Ben, nilikula ardhi yenu nikiwa na nguvu, na Mungu alikuwa anaona. Lakini ya mtoto hajazaliwa, hiyo sitakula."

Akaanza kupanda. Aliyang'oa maharagwe yake yenye maua na kuweka itoka mahali pake, moja baada ya nyingine, na kila moja akiisogeza ndani kwake kuliko iliyotangulia. Mimi nilimpokeza mizizi huku nalia. Nililia waziwazi mbele ya Ngatia, na sikuona haya. Mstari ulizidi kupinda, ukaukaribia mlango wa jikoni kwake, naye bado anachimba.

Nikamshika mkono wa jembe.

"Inatosha, Baba Wamucii," nikamwambia. "Na wewe uko na wajukuu."