Jina la Nyumba ya Kimanga

"Juma moja tu, mama, na weye uko wa kwanza kwa Google," alisema Pitchou, kijana wa kampuni ya kutangaza biashara mtandaoni, akiisogeza simu karibu na uso wa Consolée.

Consolée alitazama. Kijana alikuwa ameandika "logement Uvira", yaani malazi Uvira, na hoteli za ufukweni zilipangana kwenye kioo, hata ile ambayo ziwa liliingia vyumbani mpaka wageni wakaomba mtumbwi. Nyumba yake ya wageni mtaani Kimanga, vyumba sita, mashuka yaliyopigwa pasi ya makaa, haikuwepo.

Vyumba vinne havikuwa vimelaliwa na mtu tangu Pasaka. Mfanyabiashara wa saruji alishakuja mara mbili kupima kuta. Hali ikibaki hivyo mpaka shule zifunguliwe, nyumba ingekuwa depo, naye angerudi Lemera kwa kaka yake, kungojea sahani mkononi mwa mke wa mtu.

"Hata mganga hasemi juma moja," alisema wifi yake Sabine, akichambua maharage. Pembeni yake alikaa jirani, Fanny, aliyekuja asubuhi kuomba chumvi na bado hajaondoka.

"Société yetu inatoa garantie, mama. Utupatie tu mot de passe, neno la siri ya page yako, minye nafanya yote."

Consolée alimtazama kama anavyotazamwa mchumba. Kwao binti hatolewi kwa sura ya aliyekuja. Shangazi hutumwa kwanza kwa kina kijana, akaulize kisimani na kanisani: huyu ana mkono mwepesi kwa vitu vya watu? Mama yake anasalimia watu?

"Nipatie namba ya mutu mulishafanyia kazi," alisema. "Nitauliza."

Pitchou alikohoa, akatoa moja. Consolée alipiga, akaiweka simu mezani ikiwa kwenye spika, maana katika nyumba ile habari haijawahi kuwa ya mtu mmoja.

Dieudonné, mwenye mgahawa mjini Baraka, alijibu kwa furaha mpaka aliposikia jina la kampuni. "Siku kumi na mbili nilikuwa wa kwanza, dada. Kisha Google ikanitosa. Leo naandika jina langu mwenyewe, sijioni. Na mot de passe iko kwao mpaka sasa."

Fanny alisahau chumvi yake. Pitchou alitazama viatu vyake, vyeupe kwa vumbi.

Mwingine angemfukuza. Consolée alimwekea ugali na sombe.

"Kula. Huyo patron wako iko wapi?"

"Bujumbura. Ananilipa kwa kila nyumba ninayoleta."

"Bila yeye, weye mwenyewe unajua nini?"

Kijana alimeza. "Kazi ya kweli ni miezi minne, pengine sita, mama. Na siwezi kuahidi wa kwanza. Ningeanza kwa kuuliza: wageni banaitaje hapa?"

"Grâce Divine. Si umeona kibao?"

"Wapi," alisema Fanny kabla Sabine hajamfinya. "Umwambie mutu wa pikipiki Grâce Divine, atakushusha kanisani. Hapa banasema kwa Mama Chance."

Pitchou, asiyejua kisa cha jina hilo, aliliandika kwenye simu. Ikatokea picha moja, ya mgeni wa zamani: mlango wa bluu, na chini yake maneno, "Kwa Mama Chance. Maji ya moto kila asubuhi. Ukibakiza chakula anakununia."

"Ona, mama. Jina bantu banatafuta ni hili, na weye umelificha."

Mto Mulongwe ulimchukua Chance, mzaliwa wa kwanza wa Consolée, mwaka wa mafuriko. Mwezi uliofuata Consolée alimwita mchoraji afute kibao cha zamani, kwa kuwa hakuweza kupita na ndoo chini ya jina la mwanawe kila alfajiri. Midomo ya watu hakuiweza; iliendelea kumwita Mama Chance. Lakini mkono wake ulikuwa wake, na haukuwahi tena kuliandika jina hilo.

"Société yenu, hapana," alisema mwishowe. "Weye, ndiyo. Miezi sita. Kila mwezi unakuja, unakaa hapo, unatuonyesha ulichofanya. Mot de passe inabaki kwangu."

Pitchou aliitikia kwa kichwa, mdomo umejaa. Alinawa, akafungua ukurasa, akamkabidhi simu.

"Basi jina ya nyumba, mama. Andika weye."

Consolée alifuta kidole gumba kwenye kitenge, akaandika Mama. Akaacha nafasi. Kistari kikasimama mbele ya neno hilo, kikawaka, kikazimika, kikawaka.