Kaptula Zisizo na Mifuko

Kaptula ya kumi na nane ilipotoka chini ya sindano, Kimya aliikung'uta, akaiweka juu ya zile nyingine na kunyoosha mgongo. Kazi safi. Mishono imenyooka, mapindo yamekaa sawasawa. Mwenye duka, mama wa maneno mengi na kicheko cha karibu, aliacha pasi, akachukua moja, akaigeuza mara mbili.

"Kaka, mifuko iko wapi?"

Kimya akaangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna hata moja yenye mfuko. Vipande vya mifuko vilikuwa kikapuni, vimekatwa tangu jana.

"Nisamehe, dada. Mkono umezoea."

Miaka sita gerezani alishona sare za askari na kaptula za wafungwa, na kaptula ya mfungwa haina mfuko, maana mwenyewe hana cha kutia. Mwenye duka alielewa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Sasa watoto wa shule wataweka wapi gololi zao? Kwenye soksi?"

"Nazifumua zote ubavuni leo hii, nitie mifuko."

"Fumua. Na uimbe kidogo, bwana, huo ukimya wako unanitia uzee."

Ukweli ni kwamba Kimya alikuwa na raha. Alikuwa na cherehani karibu na dirisha, chai ya saa nne, na mtu wa kumtania. Kilichomkaa rohoni ni kimoja tu: afisa wa probesheni alikuwa anakuja asubuhi hiyo. Aliachiliwa kwa masharti miezi mitatu iliyopita, na sharti kubwa ni kuwa na kazi inayotokana na ujuzi alioupata gerezani. Afisa asipotia sahihi leo, Kimya anarudi ndani kumalizia miaka miwili iliyobaki.

Afisa aliingia na faili kwapani, akakalia kiti cha wateja.

"Hapa pana tatizo," alisema akipekua. "Faili linasema ulikuwa kwenye genge la wafungwa wa shamba. Miaka sita, jembe. Cherehani umeitoa wapi?"

"Afande, shamba nililiona wiki ya kwanza tu. Sare za askari zilipopungua, wakanihamishia kiwanda cha ushonaji cha gereza."

"Haikuandikwa."

"Walituhamisha kwa mdomo, afande."

"Basi kwa faili hili hujui kushona, na kazi hii ni ya kubuni."

Mwenye duka akashika kiuno. "Hajui kushona? Haya, tazama!" Akamtupia afisa kaptula moja mapajani.

Afisa akapapasa ubavuni kutafuta mfuko. Hakuupata. Alikuwa askari magereza kabla ya kuhamia ofisini, na vidole vyake viliitambua ile nguo kabla ya macho.

"Hii ni kaptula ya gerezani," alisema polepole. "Hata mimi niliwahi kuvaa mashati ya kiwanda kile."

"Kola ilikukwaruza?" aliuliza Kimya.

"Haikuwahi."

"Basi nilishona mimi."

Afisa alijizuia kucheka, akatoa kalamu. "Nakuamini. Lakini siwezi kubishana na faili. Nikiandika fundi wataikataa fomu, na wewe utarudishwa. Naandika mkulima. Ameajiriwa katika kilimo."

"Humu dukani analima nini?" aliuliza mwenye duka. "Vifungo?"

"Mama, namsaidia."

Alitia sahihi, akagonga muhuri. Kimya alipumua. Haendi popote, kesho atakuwa hapa hapa dirishani. Hata hivyo iliuma. Miaka sita ya kuumiza macho chini ya balbu moja, halafu wamempa jembe alilolishika wiki moja tu.

Chini ya fomu palikuwa na mstari wa mwenyewe: jina, sahihi, kazi.

"Andika mkulima tumalize," alisema afisa.

Kimya akaandika jina. Akatia sahihi. Kisha, bila haraka, kwa herufi kubwa: FUNDI CHEREHANI.

"Umeniharibia fomu!"

"Nipe nyingine, afande, niandike upya."

"Zimekwisha tangu mwezi uliopita."

Wakaitazama wote watatu: juu mkulima, chini fundi, na katikati muhuri wa serikali ambao haujakauka.

"Sasa watamrudisha?" aliuliza mwenye duka, safari hii bila mzaha.

Afisa akaikunja fomu na kuitia failini. "Hapana. Mstari wa chini ni wa mfungwa. Hakuna anayeusoma."

"Najua," alisema Kimya, akimrudishia kalamu. "Lakini wewe umeusoma."