Nyota ya Balbu Kanisani Kitahana

Kezia alifika Kitahana Ijumaa mchana, vumbi la barabara ya Kasulu bado limemganda usoni, akamkuta bintiye juu ya ngazi ya chuma, miguu peku, katika kanisa ambalo akina mama walikuwa wametoka kulipiga deki.

"Shikamoo mama! Simama hapo hapo uone maajabu!"

"Marahaba. Viatu viko wapi?"

"Vinateleza."

Divine alikuwa ametengeneza nyota ya Krismasi, mbao iliyozungushiwa balbu. Chini, kwenye benchi, kulikuwa na kibao kidogo cha kompyuta alichokiandikia programu, na kando yake rilei, zile swichi ndogo zinazofunga na kufungua kwa amri ya kibao. Tak, tak, tak. Balbu zikawaka moja baada ya nyingine kuizunguka nyota, kisha zote zikazima.

"Sasa zinalala mpaka nibonyeze kitufe," alisema Divine. "Kuna moja imelegea, nataka kuisafishia holda."

"Umeme mmevuta wapi?"

"Dukani kwa Mzee Athuman. Na waya katupa yeye. Umeungwaungwa, lakini unafanya kazi."

Neno hilo, umeungwaungwa, halikumpendeza Kezia. Alikuwa na stashahada ya umeme na hakuamini waya wa mtu yeyote. Alitoa testa ya kupimia umeme mkobani, akaigusisha kwenye kiungio cha waya unaopanda kwenye nyota.

Testa ikawaka.

Alirudia. Ikawaka tena. Balbu zote giza, na moto, umeme wenyewe, uko juu kwenye holda. Huko kwenye maungio mtu alikuwa amepishanisha nyaya, na rilei za Divine zilikuwa zinakata nyutro tu, waya wa kurudishia umeme. Waya wa moto ulipita moja kwa moja, hauulizi kitu.

Swichi ilikuwa dukani, na duka lina kufuli. Athuman alikuwa msikitini. Koleo la kukatia waya hakuwa nalo. Juu pale Divine alishachomoa balbu, amekunja kipande cha msasa kidoleni, anachungulia ndani ya holda.

Kezia alifungua kinywa apige kelele, akakifunga. Divine akishtuka hushika kilicho karibu.

"Divine," alisema, kwa sauti ya kubembeleza mtoto mchanga. "Mwana wanje." Mwanangu, kwa kilugha; alimwita hivyo kwenye misiba tu.

Divine aliganda. "Mama? Mbona unaniita hivyo? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Toa kidole humo."

"Lakini imezima."

"Najua imezima. Toa. Polepole, usiguse pembeni."

Kidole hakikutoka. Kezia aliuona msasa ukikaribia shaba. Alijua vizuri kabisa kwamba mtu hashiki ngazi ya chuma yenye mtu anayeweza kupigwa na umeme. Aliishika, kwa mikono miwili.

"Mama, naogopa."

"Hata mimi. Nitazame. Sasa mkono uje kwangu."

Msasa ulidondoka sakafuni. Mkono ukafuata, ukashuka hewani, tupu. Kisha mguu, kisha mguu mwingine, na kila mguu ulipotafuta kipago Kezia aliacha kupumua. Divine alipogusa sakafu, mama yake alimkamata kifundo cha mkono, akageuza vidole kimoja kimoja kama anatafuta mwiba, halafu akakaa kwenye sakafu yenye maji.

Walikuwa bado wamekaa hapo Athuman alipochungulia mlangoni na kanzu yake.

"Vipi mama Divine, umeme wangu umewakosea nini?"

"Kazime swichi kubwa, mzee. Maswali baadaye."

Athuman alimtazama usoni, akaondoka mbio. Divine aliitazama nyota.

"Nitabadilisha nyaya jioni hii. Jumapili kwaya inaitegemea nyota."

"Jumapili kwaya itaimba gizani."

"Mama!"

"Gizani, nimesema."

Divine akajaribu kuuvuta mkono wake. Mama yake hakuuachia.