Mikono ya Feride

Jumatatu saa tatu na robo asubuhi Feride Tuncel, karani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa, alichomoa kibodi yake ya Q, ile ya kawaida, akaisukuma kabatini nyuma ya majalada, akachomeka ya F. Hii herufi zake zimepangwa kwa ajili ya Kituruki, vidole havitangatangi. Alikuwa amejifundisha upya kwa majuma sita, akidonoa herufi moja moja kama kuku.

Sababu ilikuwa mikono. Katika mahakama ile shahidi husema, hakimu hufupisha kwa sauti, na karani huandika maneno ya hakimu. Kila mke aliyepigwa alipoandikiwa "hana malalamiko", nusu ya alama zake za damu iliyovilia zilihamia mikononi mwa Feride, naye mke akashuka ngazi akiwa na nafuu. Ofisini walilijua jambo hilo kama waoka mikate wanavyokijua kikohozi cha unga. Daktari alisema alama hupitia kibodi ya Q tu, akamwandikia marhamu na F.

"Dada Feride, mikono imekuwa ya bi harusi!" alisema Bekir wa chai, akiweka bilauri na vipande viwili vya sukari. "Tuseme ni lini, nikanunue suti?"

"Hebu nitokee hapa, chai za watu zinapoa."

Lakini alicheka. Siku tatu nzima hakuna kilichomuuma, naye alifurahi waziwazi, akawaonyesha wenzake viganja.

Alhamisi akaja Gülsüm, mchambua karanga kiwandani. Majalada yake matatu yalikwisha kufungwa, lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Safari hii alama ilianzia sikioni ikashuka hadi begani. Alisema mengi: mkanda wa mumewe, mlango uliovunjwa, watoto chini ya meza. Hakimu akatazama saa ya ukutani.

"Andika, binti. Walikorofishana kidogo, wamepatana, hana malalamiko."

Feride akaandika. Vidole viliteleza vizuri mno.

Gülsüm alitia sahihi, kisha akabaki amesimama, akijishika shingo, akingoja. Mwishowe akainama.

"Dada, leo hazijahama."

"Nimebadilisha kibodi."

"Aa. Na hiyo haikuumizi?"

"Haiumizi."

"Mungu ashukuriwe. Umetubebea mengi, dada. Mikono yako isione taabu."

Kabati lilikuwa hatua mbili kutoka kitini. Feride alilitazama. Aliona haya hadi masikio yakamwaka moto, akaiingiza mikono chini ya mapaja, akaikalia. Huko nje Gülsüm alishuka ngazi taratibu, akipumzika kila baada ya vidato vichache, na Feride akamsikiliza mpaka chini.

"Jalada linalofuata," alisema hakimu.

Feride akaitoa mikono, safi na laini, akaiweka juu ya herufi.