Machela ya Pili

Jumanne saa tatu asubuhi, Yeremia Chenge, mkaguzi wa majengo ya afya, alipiga goti katika korido ya zahanati moja ya Igogo, akabana ncha ya tepu ukutani kwa kidole gumba, akaivuta mpaka upande wa pili. Sentimita mia moja na kumi. Alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo alipima tena karibu na mlango wa chumba cha matibabu. Mia moja na kumi. Upande wa kushoto ulikuwa ukuta wa matofali wa jirani, na upande wa kulia haukuwa ukuta bali mwamba wenyewe, mweusi na wa baridi, uliokuwepo kabla ya mji wa Mwanza na usio na mpango wa kuhama.

"Kanuni mpya inataka mia mbili na arobaini, mama," alisema akijipangusa magoti. "Machela mbili ziweze kupishana."

"Mimi nina machela moja tu," alijibu Leonsia.

Leonsia Muganyizi alikuwa muuguzi mkunga kutoka Kagera, mwanamke wa miaka hamsini na nane asiyekosa misa ya kwanza ya Jumapili. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipokea wanawake ambao mimba zao zimeharibika. Nyingine zilikuwa zimeharibika zenyewe, na nyingine zilikuwa zimeharibiwa kwa mizizi, au kwa vidonge vilivyonunuliwa uchochoroni. Leonsia hakuuliza ipi ni ipi. Alizuia damu, alisafisha, kisha alileta chai ya maziwa na kukaa kitandani mpaka kikombe kiishe. Wako watu wa Igogo waliosema analea dhambi, na wako waliosema angekuwa malaika angalau angevaa viatu vizuri zaidi. Kanuni mpya ilihusu zahanati za namna yake tu. Fundi wa kung'oa meno wa mtaa wa pili, mwenye korido nyembamba kuliko hiyo, hakuguswa.

"Ni kwa usalama wa akina mama," alisema Yeremia, na tumpe haki yake, aliamini hivyo.

Alikuwa bado anaandika wakati Luhaga, mlinzi wa zahanati, alipoingia mbio mbio akisaidiana na dereva wa bodaboda kubeba machela. Juu yake alilala msichana kutoka Butimba, kanga imelowa. Wakati huo huo machela ya pili ilitoka upande wa ndani, kwenye ukuta wa mwisho usio na mlango, kama kawaida yake.

Hakuna aliyeibeba. Ilielea usawa wa kiuno, polepole, miguu ya aliyelala juu yake ikitangulia. Siku hiyo ilikuwa mlango wa mbao uliong'olewa bawaba. Siku nyingine huwa kitenge kilichofungwa kwenye miti miwili, au ubao wa mtumbwi wenye magamba ya dagaa, kwa kuwa kila mwanamke alikuja juu ya kile alichobebewa siku yake. Walikuwa wale ambao hawakufika. Mmoja aliishia Kisesa kando ya lami akisubiri gari, mwingine kisiwani upepo ukiwa mkali, mwingine nyumbani kwake, mlango umefungwa kwa aibu.

Machela mbili zilikutana katikati ya korido. Mwanamke aliyelala juu ya ule mlango alimtazama msichana wa Butimba, akakunja kiwiko chake akakilaza kifuani ili kumpisha.

"Pita, mdogo wangu," alisema.

Ikapatikana nafasi. Machela ziliachana bila kugusana, na bila kugusa ukuta wala mwamba. Jambo lenyewe ni kubwa, tuseme ukweli. Luhaga, aliyeliona zaidi ya mara mia nne, alivua kofia mara tu alipoitua machela, na nywele za mikono ya Yeremia zilisimama wima. Ule mlango wa mbao ulitoka nje mpaka uani, ukapita juu ya kamba ya nguo, ukashika njia ya kuelekea ziwani. Yeremia aliutazama mpaka ukapotea. Kisha aliandika: *Machela ya pili haina namba ya usajili. Upana wa korido 1.10.*

Barua ya kufunga zahanati ilipofika, Leonsia akaenda mahakamani.

Mawakili walibishana miezi mitano. Wa ofisi ya ukaguzi alisema mwanamke anayetokwa na damu anastahili korido pana kama mwanamke mwingine yeyote. Wa Leonsia alisema mwanamke anayetokwa na damu anastahili kwanza mlango ulio wazi. Wote wawili walisema vizuri. Mwishowe Mheshimiwa Jaji alichoka kusikia habari za korido, akaamuru mahakama ihamie Igogo ikaione.

Walikuja Alhamisi na karani, mafaili na viti vya plastiki vya kuazima. Shahidi alikuwa Selina, mkaanga samaki aliyefanya biashara getini pa zahanati, kwenye meza ya bluu ambayo mguu wake mmoja mfupi ulitegwa kwa jiwe. Alikuwa na ujauzito wa miezi minne. Mimba mbili za nyuma zilikuwa zimemtoka, na mara zote mbili Leonsia alimrudisha kutoka mbali. Alikuwa amemwambia waziwazi: hii nyingine ikisumbua, usingoje hata dakika kumi, acha karai uingie.

"Nimepita hapa mara mbili, Mheshimiwa," alisema Selina. "Mara zote mwenzangu alinikunjia kiwiko."

"Alikukunjia nini?"

Selina alionyesha. Karani aliandika: *shahidi anakunja kiwiko.*

Wakili wa ofisi ya ukaguzi alimuuliza Luhaga kama ana uhakika na hayo yanayosemwa. Luhaga alimjibu, akimwita bwana kwa Kisukuma, "Mwenye macho haambiwi tazama, Ngosha. Kaa kidogo tu."

Saa tano na robo aliletwa mama wa watoto watatu, na kutoka ndani ukaja ubao wa mtumbwi. Mahakama yote ilijibana mwambani. Aliyelala juu ya ubao alikuwa mdogo sana, mwenye sare ya shule, na alipompisha mgonjwa alimwambia "shikamoo" kwa sababu mgonjwa alimzidi umri. Jaji alivua miwani. Alisimama pale mwamba ukimpoza mgongo, na watu wanasema alikaa hivyo muda wa mtu kusali salamu Maria kumi. Kisha alimwambia karani aandike kwamba machela mbili zimepishana.

Hukumu yake ilikuwa fupi. Lengo la kanuni ni machela kupishana, zimepishana, zahanati iendelee. Vigelegele vya Igogo siku hiyo vilisikika mpaka kivukoni, na Selina aligawa samaki bure mpaka karai likabaki na mafuta.

Ofisi ya ukaguzi ikakata rufaa.

Jopo la majaji watatu halikuja Igogo, kwa kuwa rufaa husikilizwa juu ya karatasi. Walisoma mwenendo wote wa shauri kwa makini, pamoja na kiwiko. Hawakukataa kitu. Walisema mahakama inaridhika kwamba machela ya pili ipo, kwamba hubeba wanawake ambao hawakufika, na kwamba hupita. Lakini kanuni haikuuliza kama inapita. Kanuni imeuliza upana, na upana ni mia moja na kumi.

Jumatatu iliyofuata Yeremia alifunga mlango kwa utepe na lakiri. Luhaga aliifunga machela ya zahanati kwa mnyororo kwenye nguzo ya uani. Selina aliangalia yote hayo kutoka kwenye meza yake, mkono tumboni.

"Sasa mimi, Sista?" aliuliza.

"Hospitali kubwa," alisema Leonsia. "Usiogope. Nenda tu."

"Mimba ikitoka, pale wataniuliza nani kaitoa. Mji mzima umeniona nikikutetea."

Leonsia alimshika mkono, wakakaa hivyo, samaki wakaungua kidogo.

Kanuni inataka lakiri ikaguliwe kila mwezi. Mwezi wa kwanza Yeremia alikuta kila kitu salama. Mwezi wa pili alifika saa nne asubuhi, akamwita Leonsia na Luhaga, akakata utepe ili wakague ndani kisha aufunge upya. Getini palikuwa patupu. Palikuwa patupu tangu Ijumaa, na Leonsia alikuwa amejiambia kwamba Selina ameenda kwa dada yake Magu kupumzika. Jiwe la kutegea mguu lilikuwa bado pale chini. Meza haikuwepo.

Waliingia. Korido ilinuka vumbi na dawa ya zamani. Yeremia alikuwa amepiga goti na tepu yake wakati meza ya bluu ilipotoka kwenye ukuta wa mwisho.

Ilikuja polepole, miguu minne juu ya hewa, ule mfupi ukiwa haudai jiwe tena. Selina alilala chali akiwa na aproni yake. Luhaga alivua kofia. Yeremia aliinuka, akabana mgongo mwambani.

"Shikamoo, Sista," alisema Selina.

"Marahaba, mwanangu," alisema Leonsia, na machozi yalimtoka bila sauti. "Ulingoja?"

"Nilingoja damu ikatike yenyewe. Haikukatika. Walipokuja kunibeba hakukuwa na kitu kingine cha kunilazia."

Meza ilifika katikati ya korido. Pale Selina alikunja kiwiko chake, akakilaza kifuani, akainua kichwa kutazama mlangoni amwone anayekuja. Hakukuwa na mtu. Uani mnyororo ulikuwa umetulia juu ya nguzo.

"Leo sipishani na yeyote?"

"Leo hapana."

Hakukishusha kiwiko. Alikikunja hivyo hivyo mpaka mwisho wa korido, akapita uani, juu ya kamba ya nguo, kuelekea ziwani, na nafasi aliyoiacha ikabaki nyuma yake.

Yeremia aliokota tepu. Alipima, kwa kuwa ndicho alichotumwa. Mia moja na kumi. Alipima tena. Kisha akaandika kwamba lakiri haijaguswa na korido haijatumika, akampa Leonsia kalamu asaini.