Mrija Wenye Matuta Matatu

Asubuhi ile nilimtukana Kobe mbele ya karakana nzima, na niliyomwambia siyaandiki hapa kwa sababu mama yangu mkubwa anajua kusoma. Kobe ndiye fundi wa mashine yetu ya kuvuta plastiki ya moto iwe mirija ya hospitali. Jina alipewa kwa mwendo wake, wala halimkeri. Anasema hajawahi kusikia kobe amegongana na mtu. Mimi ndiye ninayeibuni mirija yenyewe. Hasira zangu ziko karibu, nalijua hilo, sihitaji kukumbushwa. Siku hiyo nilikuta mita sitini za mrija mpya zimeharibika, na ilikuwa Jumanne, na nilikuwa nimebakiwa na siku mbili tu za kumzuia Mama Mkubwa asijimalize kwa ukaidi.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Ana ugonjwa unaotulizwa kwa dawa ya dripu, kwa muda wa saa tano, kila baada ya wiki tatu. Daktari amemwambia bila kupaka rangi kwamba akiacha dawa ugonjwa utarudi, na safari hii hautabisha hodi. Mishipa yake imechoka. Wa kuaminika umebaki mmoja, kwenye mkunjo wa kiwiko cha kulia. Hapo ndipo anapowekewa ule mrija mwembamba, laini, na hapo ndipo kasheshe linapoanza: akikunja mkono kidogo tu, mrija unakunjika, tundu linaziba, pampu inapiga kelele na nesi anakuja mbio. Nesi akichelewa, damu inaganda, mrija unatolewa, anatafutiwa mshipa upya. Mara ya mwisho alichomwa mara sita, na zile saa tano zikawa tisa.

Sasa mtu huyu kazi yake ni kufuma masweta. Mpe saa tano za kukaa kitini na mikono mitupu, utakuwa umemfunga jela.

"Sindano zangu mbili hazijawahi kumuumiza mtu," aliniambia Jumapili. "Yao moja tu inanifanya gogo. Alhamisi siendi."

"Mama, daktari alisema—"

"Nilimsikia. Dawa siikatai. Ninachokataa ni kulazwa kama kuni zinazosubiri moto. Kama nimebakiwa na siku chache, nitazitumia mimi na mikono yangu."

Nikamwambia avumilie, natengeneza mrija usioziba. Akaniuliza nimefika wapi. Nikasema wa arobaini na moja. Akaniangalia kwa huruma, akasema fundi cherehani aliyeharibu nguo arobaini angeshaambiwa akauze mkaa.

Hakuwa amekosea sana. Plastiki ngumu haikunjiki ovyo, lakini inaukwaruza mshipa kwa ndani, na mshipa ukikwaruzwa unavimba. Plastiki laini haiudhuru mshipa, ila ukiikunja tu kuta zake zinakutana na dawa inasimama. Nilikuwa nimejaribu kuta nene, kuta nyembamba, hata kuzungushia waya mwembamba kama wa gitaa. Ule wa waya ulinipa matumaini wiki nzima, mpaka nilipoukunja sana ukakataa kurudi. Wa arobaini na mbili ulikuwa plastiki mpya, laini zaidi, na ndio niliomwachia Kobe auvute Jumatatu jioni.

Nilipokata kipande asubuhi nikakiangalia kwenye mwanga, tundu halikuwa duara.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Plastiki iligandia kwenye pini," akasema. "Nikaikwangua."

Pini ni kijiti cha chuma kinachokaa katikati ya mdomo wa mashine. Plastiki ya moto inapita ikikizunguka, na ndicho kinachoacha tundu. Pini yetu tunaifuta kwa kitambaa laini, kama mtu anavyofuta miwani yake.

"Uliikwangua na nini?"

"Msumeno."

"Msumeno upi?"

"Wa chuma. Kile kipande kilichovunjika."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nilipomaliza, Kobe alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Lakini mrija unapitisha maji," akasema taratibu. "Ungeujaribu kwanza."

Nikaujaribu, na nakiri niliujaribu kwa chuki. Nilitaka watu wote waone takataka ile ikifeli. Nikaufunga kwenye pampu, nikatia maji yenye rangi nyekundu, ncha nikaielekeza kwenye glasi. Matone ishirini kwa dakika. Kisha nikaukunja mara mbili katikati ya vidole vyangu, kwa nguvu zote za hasira, nikamtazama Kobe usoni huku nikiisubiri ile kelele ya pampu.

Kelele haikuja.

"Labda hujaukunja vizuri," akasema Kobe.

Nikachukua kibanio cha nguo, nikaubana pale pale kwenye mkunjo. Namba ya msukumo kwenye pampu ikapanda kidogo, ikatulia. Nikahesabu matone nikitazama saa ya ukutani. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Dakika imeisha. Nikahesabu tena, safari hii kwa sauti, na wenzangu wakaanza kuhesabu pamoja nami. Ishirini. Nikaufunga mrija fundo, fundo kabisa, kama kamba ya kiatu. Ishirini!

Tukakimbilia hadubini, yaani mimi nilikimbia na Kobe akafika. Kwenye kioo tukaona alichokifanya. Meno ya msumeno yalikuwa yamechimba mifereji mitatu kwenye pini, kutoka juu hadi chini, na kila mfereji uliacha tuta refu ndani ya mrija. Kuta zilipokunjwa zikaja kukutana, matuta yalikutana kwanza na kuzizuia, na pembeni mwake zikabaki njia ndogo ndogo za kupitisha maji. Ni kama kufunga mlango huku kiatu kimekwama kizingitini. Utasukuma utakavyo, upepo utapita.

Kwa miezi kumi na nne nilikuwa nahangaika kuuzuia mrija usikunjike. Kumbe ungeachwa ukunjike utakavyo. Kitu pekee kilichokatazwa ni kuziba. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na sikujali nani ananiona.

"Kobe, ule msumeno uko wapi?"

"Nimeutupa. Ulisema niutupe, halafu na mimi nijitupe."

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya walewale waliosikia matusi. Kobe alisema ameshasahau, ila angependa nirudie lile tusi la tatu kwa sababu lilikuwa jipya kwake. Kisha tukainama wote wawili juu ya pipa la taka kutafuta kipande cha msumeno, kwa sababu tulitaka kupima meno yake.

Siku ile na asubuhi ya Jumatano zilipita kama upepo. Tulichonga pini mpya yenye mifereji iliyopimwa, tukavuta mrija, tukauweka kwenye mashine ya kukunjia. Ukakunjwa mara elfu mbili. Haukuziba hata mara moja. Mkuu wa maabara yetu, mtu ambaye hutabasamu siku za likizo tu, alinishika mkono akasahau kuuachia.

"Kibali cha kuutumia hospitalini kinachukua muda gani?" nikamuuliza.

Hapo akauachia. "Mambo yakienda vizuri, mwaka. Pengine miwili. Unajua kwa nini."

Nilijua. Maji mekundu si damu. Hakuna aliyekuwa na hakika kama damu isingeganda kwenye yale matuta, na donge la damu likitoka hapo halijulikani litasimama wapi. Nilikuwa na kipande cha mrija mfukoni, na nisiseme uongo, niliwaza kumwekea Mama Mkubwa kwa siri. Nesi wa zamu ananifahamu. Nilikishika kile kipande mfukoni njia nzima hadi nyumbani kwa Mama Mkubwa, na nilipofika mlangoni nikajionea haya. Nikamwambia Mama Mkubwa achukue nyuzi zake, twende karakana.

Tulimkalisha kwenye kiti karibu na pampu. Mrija haukuingia mwilini mwake. Niliubandika kwa plasta juu ya ngozi, ukapita kwenye mkunjo wa kiwiko chake, ncha ikaingia kwenye glasi. Kando nikabandika na mrija wa kawaida kwenye pampu ya pili, ili aone mwenyewe.

"Fuma," nikamwambia.

Akakunja mikono, akaanza. Pampu ya mrija wa kawaida ilipiga kelele kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Nikaizima. Ile nyingine ikaendelea, tone baada ya tone. Alifuma mstari wa pili, wa tatu, wa kumi. Alijikuna shavu. Alimchapa Kobe mkononi alipogusa uzi wake. Watu waliacha kazi wakaja kusimama nyuma yetu, na kila dakika mtu alihesabu matone kwa sauti hadi ishirini. Saa nzima ilipita hivyo. Nilikuwa na furaha ya kutaka kumbeba na kiti chake.

"Huu mrija," akasema bila kuinua macho, "ndio nitakaowekewa kesho?"

Wote wakanigeukia. Walikuwa wananisubiri mimi.

"Hapana, Mama," nikasema. "Kesho utawekewa ule wa zamani. Huu ni mwaka mzima, pengine miwili. Hatujajua kama damu haitaganda ndani yake, na siwezi kukuwekea nisichokijua."

Alimaliza mstari. Akageuza kazi yake, akaanza mwingine. Nilidhani ananitafutia maneno ya kunikata nayo, na ningeyapokea.

"Miaka miwili," akasema.

"Pengine."

"Na hao watakaowekewa kwanza, mtawapata wapi?"

"Watajitolea wenyewe. Ila lazima wawe wagonjwa wanaotumia dawa. Aliyeacha hachukuliwi."

Sindano zikasimama. Akautazama mrija uliolala kwenye mkunjo wa mkono wake, akaukunja mkono mpaka ngumi ikagusa bega, akasikiliza. Tone likadondoka. Kisha akaviringisha kazi yake, akaitia kwenye mfuko.

"Basi itabidi niwepo," akasema, na akaninyooshea mkono nimbandue plasta. "Kesho nipitie saa moja."