Upande wa Bi Afra

Wafaa alikuwa mwanamke wa kukagua. Akipewa kikombe cha chai, hukigeuza akakitazama kitako ndipo anywe. Basi Basil, ndugu yake wa ukoo, alipompigia simu kumwambia kwamba nasaba imeshahamia kwenye kompyuta mpya, hakusema alhamdulillahi. Alivaa buibui akaenda kutazama kwa macho yake.

Ukoo wao ulikuwa na nyumba ya wakfu pale mtaa wa Malindi, aliyoiacha babu yao mkubwa, Nahodha, kwa wazao wake wote, wanaume kwa wanawake. Anayetaka kukaa humo sharti ataje majina, mmoja baada ya mmoja, mpaka afike kwa Nahodha. Bi Afra, mama yake Wafaa, alikuwa na chumba cha chini tangu alipofiwa na mume. Kitabu cha nasaba kililiwa na mchwa, lakini kabla hakijaliwa Wafaa na Basil walikuwa wameshakinakili kwenye kompyuta ya ukoo, kila mmoja upande wake. Basil aliandika kwa herufi za kizungu, chapuchapu amalize. Wafaa, mwalimu wa chuo cha Kurani, hakutaka mchezo huo. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, ‘ain kwa ‘ain na ghaini kwa ghaini, kwa sababu jina la mtu, alisema, halikatwi kucha.

Mwaka ule wa 2006 jamaa wa Maskati walitaka nao waione nasaba kwenye intaneti. Basil, aliyekuwa akitengeneza kompyuta za hoteli moja huko Kendwa, alijitolea kuifanya kazi hiyo bure. Hilo la bure nalo Wafaa hakulipenda.

Alikuta skrini inang’ara. Upande wa Basil watu wote walikuwapo, mpaka watoto waliokufa wachanga. Upande wa Bi Afra palikuwa na alama za kuuliza tupu, mstari baada ya mstari.

“Watu wangu wako wapi, Basil?”

“Hitilafu tu, dada. Hii programu ya intaneti imeikataa hifadhidata yetu ya zamani, inataka toleo jipya. Nimeweka jipya, nikayahamisha majina, na hilo jipya halikuzitambua herufi za Kiarabu zilivyowekwa kule. Kila isiyoitambua imeiwekea alama ya kuuliza.”

“Za kwako imezitambua.”

“Zangu za kizungu.”

“Alaa! Kumbe mashine nayo ina ukoo inaoupenda.”

Basil alicheka. Angejua, asingecheka. “Majina yamo mazima kwenye kompyuta ya zamani, ile niliyokurudishia. Niletee, n’tayatoa kwa njia nyengine. Siku mbili tu.”

Wafaa aliitikia kwa kichwa, akatoka. Njia nzima alikuwa akiunganisha. Sleiman, kaka yake Basil, alikuwa akitaka vyumba vya chini viwe vya kulaza watalii. Mwezi uliopita alionekana mbele ya mlango wa Bi Afra ana futi mkononi, anapima. Ijumaa ukoo ulikuwa ukutane kuhakiki nani ana haki ya chumba. Na sasa upande wa Bi Afra umefutika, na aliyeufuta anaiomba na nakala ya mwisho! Alimpigia simu Ami Muhannad, msimamizi wa wakfu, akamwambia wazi kwamba Basil amewafuta watu. Kabla ya magharibi Malindi nzima ilikuwa na habari.

Asubuhi yake aliipakia kompyuta ya zamani kwenye teksi akaipeleka kwa Kificho, fundi wa Darajani. Haja yake ilikuwa moja: iwake, ayachape majina, ayaweke mbele ya wazee. Lakini kompyuta ilikuwa inazimika kila ikiwashwa.

“Ina kitu cha maana ndani?” Kificho aliuliza.

Wafaa alimtazama. Kificho na Basil walisoma darasa moja. Akiambiwa majina yamo, si atamnong’oneza mwenzake? “Haina kitu,” alisema. “Wewe itengeneze iwake tu. Na mtu akiiulizia, hujaiona.”

Alhamisi aliirudia. Kificho alimpokea kwa furaha, na kompyuta ilikuwa ikiwaka kwa kasi ya ajabu.

“Ilikuwa imejaa virusi, Bi Wafaa. Nshaifuta yote, nimeipiga upya kuanzia chini. Si ulisema haina kitu?”

Wafaa alikaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa. Alitaka kumpigia kelele yule fundi. Lakini maneno yalikuwa yake mwenyewe.

Ijumaa, baada ya sala, ukoo ulikusanyika ukumbini kwenye nyumba ya wakfu. Bi Afra alikaa karibu na mlango wa chumba chake, kama anayekilinda. Wafaa alikuwa hajamwambia kitu. Ami Muhannad aliuweka Msahafu juu ya kirehani.

“Basil, umetuhumiwa kufuta watu. Uko tayari kuapa kwamba hukukusudia?”

“Niko tayari, Ami. Udhu ninao.”

Basil alisogea. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa siku tatu tu. Wafaa alijua kwamba akinyamaza, lawama itabaki kwa Basil, na huenda wazee wakamwonea huruma mama yake. Akisema, ni yeye aliyekifunga chumba cha mama yake kwa mkono wake. Basil alipounyoosha mkono, Wafaa alisimama.

“Msimwapishe. Majina yalikuwa kwenye kompyuta ya zamani kama alivyosema. Mimi nimemdanganya fundi kuwa haina kitu, na fundi kaifuta. Mimi ndiye niliyewafuta.”

Sleiman ndiye aliyesema mwanzo, kwa upole wa kutisha, kwamba basi ushahidi hakuna.

“Yupo mwenyewe,” alisema Ami Muhannad. “Bi Afra, tutajie.”

Bi Afra alijiweka sawa. “Mimi Afra binti Abrahman. Abrahman, mama yake Tamima. Tamima, baba yake Mmanga. Mmanga, mama yake...” Alisita. Alianza tena kutoka mwanzo, akafika palepale. “Sisi tukimwita Bibi wa Juu. Jina lake hatukuwa tukilitamka, ilikuwa si adabu.” Machozi yalimtoka. “Jina lake Wafaa kaliandika. Mimi silijui.”

Wafaa naye alilitafuta. Alikuwa ameandika mamia ya majina, na hofu ilikuwa imeyachota yote. Sleiman alianza kukunja karatasi zake.

“Mwanakheir,” alisema Basil.

Watu waligeuka.

“Mwanakheir binti Nahodha, mama yake Mmanga. Watoto wa Nahodha walikuwa watatu, na mmoja ni yeye, dada wa babu wa babu yetu sisi. Nimemwandika kwangu, yeye na mwanawe. Yumo kwenye skrini mpaka hivi sasa.”

Jina lilikuwapo tangu siku ile, kwa herufi za kizungu, upande ambao Wafaa hakuukagua.

Chumba kilibaki cha Bi Afra. Wafaa alimfuata Basil mpaka kwenye ngazi za nje. “Nisamehe, ndugu yangu.”

“Nshakusamehe,” alisema Basil, akivaa viatu. “Lakini jana nimetoa salamu pale barazani kwenye kahawa, hapana hata mmoja aliyeitikia. Watu niliokua nao. Hilo nalo lina fundi?”

Alishuka asingoje jibu. Wafaa alijitanda buibui lake vizuri, akatoka mpaka kwenye baraza ya kahawa, ambapo hakuwahi hata siku moja kusimama. Wanaume waliinua vichwa, vikombe mkononi.

“Assalamu alaykum,” alisema. “Nna neno langu juu ya Basil, na nnataka mlisikie kutoka kwangu.”